Tume ya Kumnunua Shangazi

Ipo nchi moja, na kama imefutwa tangu nianze kusema basi ilikuwapo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Jina hilo hubadilishwa kila anapoapishwa Mtukufu mpya, na mimi leo sijafungua redio.

Nchi hiyo ina Wizara ya Misitu. Misitu haina. Ulikuwapo mmoja, Mlondwe, uliofunika milima ya magharibi, ukakatwa ukaisha. Lakini kwa kuwa Wizara yenyewe haikuonekana na kosa lolote katika jambo hilo, hapakuwa na haja ya kuifunga. Iliongezewa ghorofa. Ina Idara ya Kuhesabu Miti, ambayo watumishi wake hurudi nyumbani mapema kuliko watumishi wote wa umma, na ina Idara ya Upandaji, ambayo imepanda nchi nzima mabango ya mbao yaliyoandikwa PANDA MTI. Mabango yameshika vizuri, hata kiangazi.

Sasa, Mtukufu alisafiri ng'ambo kikazi, akaalikwa kwenye bustani ya mkuu mwenzake. Alimkuta mzee yule, na mvi zake na heshima zake, ameketi juu ya kitreni, magoti yamemfika kidevuni, anayazunguka maua yake huku akipiga honi. Mtukufu aliporudi nyumbani hakula vizuri. Alisimama dirishani akatazama bustani yake mwenyewe, akasema, "Nasi tulikuwa na treni."

Maneno hayo yalichapwa magazetini na kuimbwa shuleni. Waziri wa Misitu, Mheshimiwa Fungameza, peke yake ndiye aliyeyaelewa. Akaagiza treni.

*

Aliyeileta ni mfanyabiashara wa kigeni aliyeitwa Bwana Halvor, mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwenye vitabu na kukisema kana kwamba anasoma taarifa ya habari. Alifungua kasha mbele ya ngazi za Wizara, na watumishi wote wakatoka kutazama.

Kilikuwa kichwa cha treni cha mvuke, mfano, lakini si mfano wa kuwekwa juu ya kabati. Kimo chake kilimfika mtu mzima kiunoni. Kilikuwa na tanuri lake, bomba la moshi, magurudumu yaliyosuguliwa yakang'aa kama sinia la harusi, na nyuma yake vibehewa vya wazi vya kubebea magogo, vimewekewa viti ili watu wapande kwa kutanua miguu.

"Nimekitengeneza kwa kufuata picha za zamani," alisema Bwana Halvor. "Hiki ndicho kichwa kilichokuwa kikiteremsha magogo kutoka msitu wenu wa Mlondwe. Nimeambiwa wafanyakazi walikiita Shangazi."

Watumishi waliokuwa vijana walipiga makofi. Waliokuwa wazee walitazama viatu vyao.

Inabidi nieleze. Shangazi alikuwa treni ya magogo, na alipewa jina hilo kwa sababu alipiga kelele kutwa nzima na bado akamlisha kila mtu. Enzi za Mtukufu aliyetangulia, Jumba Kuu lilipokuwa linajengwa, ilitakiwa sakafu ya mvule kabla ya sherehe. Shangazi akapakiwa magogo kupita kiasi, na wakataji wakaambiwa wapande juu ya magogo hayohayo ili wakapokewe kwa shangwe mjini. Penye kona ya korongo breki hazikushika.

Kesho yake asubuhi gari la matangazo lilifika stesheni ya Mlondwe. Afisa mmoja kijana alisimama juu yake na kipaza sauti, akasema: "Hakuna ajali iliyotokea. Wafanyakazi wote waliokuwa kwenye treni wamehamishwa kikazi. Familia zinaombwa kuwa na subira na kujivunia." Akasoma majina ya waliohamishwa, mmoja mmoja, kwa sauti nzuri. Wakati anasoma, matingatinga yalikuwa yanalifukia korongo ili kuboresha mandhari. Baadaye reli ziling'olewa.

Kwa hiyo Mlondwe hapakuwa na msiba. Hakuna aliyekaa matanga, maana marehemu hakuwapo. Wake za watu wale hawakuwa wajane wala hawakuwa na waume. Walikuwa wake wa watumishi waliohamishwa, na watoto wao shuleni waliandika hivyo. Jioni sauti ya magurudumu ilipita nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapana reli, na kila mtu aliisikia. Ilitolewa amri kwamba sauti ya treni pasipo na treni si sauti. Watu wakatii. Waliendelea kuisikia kwa utii.

*

Nchi hiyo haiwezi kununua kitu bila Tume. Hata kitanda cha hospitali huundiwa Tume, na mgonjwa hungoja. Sheria ilitaka watu wawili wa kutoa ushauri, kisha Waziri aamue.

Mwenyekiti aliteuliwa Balozi mstaafu Kalumuna, mzee mnene mwenye hekima, ambaye alikuwa ameongoza Tume nyingi na kulala katika zote. Wa pili alipaswa kuwa mwananchi kutoka eneo husika, asiye na historia ya malalamiko. Walipekua wakamwona Bi Namkunda wa Mlondwe. Mume wake, Mrutu, ndiye aliyekuwa dereva wa Shangazi. Tangu mume ahamishwe, mama huyo hakuwahi kulalamika hata siku moja.

"Huyu ni mfano wa kuigwa," alisema Waziri.

Ukweli ni kwamba Bi Namkunda hakuona pa kulalamikia. Aliolewa akiwa msichana, akakaa na Mrutu msimu mmoja wa mahindi, kisha akaambiwa ajivunie. Walikuja wanaume wakamtaka. Aliwajibu, "Nina mume." Wakamuuliza yuko wapi. Hapo alirudi jikoni kwake. Sasa alikuwa mama wa makamo ya mwisho, mwembamba, mnyoofu, mwenye tabia ya kutofunga mlango wake kwa komeo. Akija mwizi, alisema, atakuta hakuna kitu. Akija mwingine, asikute pamefungwa.

Alifika mjini kwa basi, na kikapu chake mkononi. Balozi alimpa kiti.

"Karibu, mama. Kazi yetu ni nyepesi. Tunaitazama, tunasema inunuliwe, tunakunywa chai."

"Na tukisema isinunuliwe?"

Balozi alifikiri. Katika Tume zake zote hakuwahi kuulizwa. "Basi nadhani," alisema, "chai tutakunywa kwanza."

*

Siku ya majaribio reli ndogo zilikuwa zimetandikwa kulizunguka jengo lote la Wizara: mbele palikuwa na nyasi na viti vya wageni, nyuma palikuwa na tangi la maji na ukuta, ambapo hakuna aliyekaa.

Ilitokea shida ndogo. Shangazi alitaka kuni, na nchi haikuwa nazo. Waliwaza kuagiza kuni ng'ambo, lakini kibali kingechukua mwaka. Ndipo Mkurugenzi wa Upandaji alipojitolea, kwa moyo wa uzalendo, mabango yake. Yalipasuliwa. PANDA MTI likaingia tanurini, likafuatwa na MITI NI UHAI, likawaka vizuri sana kwa kuwa lilikuwa kavu.

Mheshimiwa Fungameza alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna wanaosema nchi hii haina msitu. Nawauliza: msitu ni nini? Je, ni miti? Hapana! Msitu ni kumbukumbu. Na kumbukumbu inahitaji treni!"

Watu walishangilia. Bi Namkunda hakushangilia. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Sauti ile ilikuwa imenenepa, ilikuwa imepata mkwaruzo wa uzee na chakula kizuri, lakini mahali fulani ndani yake alikuwamo kijana amesimama juu ya gari la matangazo.

"Una nini, mama?" Balozi alimuuliza.

"Sina kitu. Nimemtambua mtu."

Bwana Halvor alipanda peke yake. Vibehewa nyuma yake vilikuwa vitupu. Shangazi alipumua, akavuta, akapita mbele ya wageni kwa ulaini, akakata kona na kupotea nyuma ya jengo.

Kisha ikasikika honi. Ndefu, fupi, fupi, ndefu.

Kikapu kilimtoka Bi Namkunda mkononi. Mrutu alikuwa akipiga hivyo alipotoka msituni kuikaribia stesheni, ili mke wake abandike sufuria. Hapakuwa na dereva mwingine aliyepiga hivyo. Wakubwa walikuwa wamemkanya mara nyingi kwamba honi ya serikali si ya kumwitia mke.

Treni ilitokea upande wa pili. Ilikuja polepole, ikikoroma. Springi za vibehewa vyote zilikuwa zimebonyea hadi chini, na magurudumu yakikwaruza, kama inavyokuwa gari likipakia watu wazima wengi. Juu ya viti hapakuwa na mtu.

Bwana Halvor alishuka. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko ulivyozaliwa.

"Nani amepiga honi?" aliuliza Bi Namkunda.

"Mimi sikuigusa kamba, mama."

Mkurugenzi mmoja alieleza kwamba ni unyevu wa hewa. Balozi akaandika kwamba chombo kina nguvu ya kuvuta. Lakini siku hiyo hakulala, na waliomfahamu waliingiwa na wasiwasi.

*

Kutoka Mlondwe hadi mjini ni safari ya basi ya kutwa. Honi ile ndogo isingeweza kusikika hata sokoni. Hata hivyo, kesho yake wanawake wa Mlondwe walikuwa wamekaa kwenye nyasi za Wizara, kina mama watu wazima na vikongwe, na mabunda yao mapajani. Ndani ya mabunda mlikuwa na mashati ya kiume yaliyopigwa pasi. Wengine walibeba vyakula.

Mheshimiwa Fungameza alishuka ngazi akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Aliyempokea ni Bi Nakijwa, bibi aliyeanza kupoteza nuru ya macho, ambaye mwanawe Senzota alikuwa mkataji magogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia Shangazi amepiga honi. Wamerudi?"

"Nani, mama?"

"Vijana wetu. Waliohamishwa."

Waziri alikohoa. "Mama, watumishi wale bado wako kazini. Taifa linawahitaji."

"Bado?" Bi Nakijwa alihesabu kwa midomo. "Senzota wangu sasa amepita umri wa kustaafu. Na sheria ya serikali nimesomewa na mjukuu: mtumishi akistaafu hurudishwa kwao yeye na mizigo yake. Sisi hatutaki kiinua mgongo. Mizigo pia kaeni nayo. Tunataka mrudishe watu."

Wapiga picha waliacha kupiga picha wakaanza kusikiliza, jambo ambalo katika nchi hiyo ni la hatari.

Waziri alitazama huku na huku. Kusema wamekufa hakuwezekani, kwa sababu hapakuwa na ajali. Kusema hawajastaafu hakuwezekani, kwa sababu hesabu ni hesabu. Akasema kile anachosema mtu mkubwa akizingirwa.

"Wako njiani."

"Alhamdulillahi," alisema mmoja. "Mungu asifiwe," alisema mwingine. "Basi tutawangoja hapahapa," alisema Bi Nakijwa, akatandika mkeka.

*

Ili kuonyesha kwamba treni haina jambo, Waziri alitangaza kwamba ataipanda mwenyewe. Alipewa kofia ya dereva. Aliketi, magoti yakamfika kidevuni, Bwana Halvor akamfundisha mkono wa kufungulia mvuke na breki, na Shangazi akaondoka naye huku wanawake wakimtazama kimya.

Alipotea nyuma ya jengo. Alikaa huko kuliko ilivyopasa. Hatimaye treni ilijitokeza, na Mheshimiwa juu yake alikuwa ameinama mbele kama mtu anayejikinga mvua. Iliposimama hakushuka. Ilibidi ashushwe. Kwenye bega la suti yake palikuwa na udongo mbichi, mwekundu, na alinuka mvule uliotoka kupasuliwa, harufu ambayo vijana wa Wizara ya Misitu hawakuwahi kuinusa, hata wakauliza ni manukato gani.

Alipelekwa ndani. Aliomba wote watoke isipokuwa Bi Namkunda. Balozi naye alibaki, kwa kuwa alijifanya amelala.

"Mama," alisema Waziri, "kuna mtu alikaa nyuma yangu."

"Ulimwona?"

"Sikugeuka. Ningegeukaje? Alinishika bega. Hakunishika kwa ubaya. Alinishika kama mtu anavyomshika karani dirishani, asije akasahauliwa. Akaniuliza swali."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza, 'Mkuu, tumehamishiwa wapi?'"

Bi Namkunda alikaa kwenye kiti. Kwa muda wote aliokuwa akiacha mlango bila komeo, alikuwa amewaza mengi. Aliwaza kwamba Mrutu amemsahau. Aliwaza kwamba amekufa na anajua, na kwamba anapita nyuma ya nyumba kwa hasira. Hili hakulifikiria: kwamba na wao waliambiwa. Kwamba tangazo lile lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafikia hata chini ya udongo wa korongo, na wao, watu watiifu, walikaa palepale na vifaa vyao wakingoja kupelekwa kwenye kituo kipya.

"Ulimjibu nini?" aliuliza.

"Nilisema wasubiri." Waziri aliufunika uso kwa mikono. "Mama, ndilo neno nililolijua."

Bi Namkunda alisimama akajifunga kanga kiunoni.

"Mwite mzungu aongeze kuni," alisema.

*

Hakukaa kwa kutanua miguu. Alikaa upande, kama alivyokuwa akikaa kwenye baiskeli ya Mrutu enzi za uchumba, na Bwana Halvor, aliyeketi mbele kuendesha, alielewa bila kuambiwa kwamba asigeuke. Wanawake walisimama kwenye mikeka. Shangazi alikata kona.

Nyuma ya jengo palikuwa na tangi, ukuta, na vipande vya mabango vilivyosubiri kuchomwa. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na kitu cha kutisha. Kisha springi za kibehewa cha mwisho zikalia, zikalia za kile kinachofuata, na kinachofuata, watu wakipanda kwa utaratibu bila kusukumana. Kiti cha nyuma yake kilibonyea mwisho. Ilimjia harufu ya mvule, mafuta ya mashine, na jasho alilokuwa amelisahau na ambalo mwili wake haukulisahau.

"Namkunda," sauti ilisema. "Umekuwa mtu mzima."

"Na wewe?"

"Sijui. Hatujaambiwa."

Alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Alizishika pindo za kanga yake kwa mikono miwili.

"Wenzako wapo wote?"

"Wote. Wamechoka kungoja. Senzota ananiuliza kila siku kama gari limekuja. Mimi ndiye dereva, wananitazama mimi. Mke wangu, wewe unajua tumehamishiwa wapi?"

"Mrutu," alisema, na sauti haikumtetemeka, kwa kuwa alijua ikitetemeka hataweza kumaliza. "Hamkuhamishwa. Mlikufa. Siku ileile, kwenye kona ya korongo. Wewe, na Senzota, na wote. Walifukia wakasema uongo. Mmekufa, mume wangu, muda mrefu sana. Hakuna kazi inayowangoja. Pumzikeni."

Alisikia nyuma yake mnong'ono ukipita kutoka behewa hadi behewa, kama habari inavyopita kwenye foleni.

"Nilidhani zilishika," Mrutu alisema hatimaye. "Zile breki. Muda wote huu nilidhani zilishika."

"Hazikushika. Na halikuwa kosa lako. Walikupakia kupita kiasi."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Na mimi niliambiwa hivyohivyo mlivyoambiwa. Nimekungoja."

Springi ya kibehewa cha mwisho ikainuka. Ikainuka iliyofuata. Walikuwa wanashuka, mmoja mmoja, bila haraka, kama wafanyakazi wakitoka zamu. Alipobaki mmoja tu, Bi Namkunda alisema, "Kaa kidogo." Akakaa kidogo. Kabla ya kona ya mwisho kiti kilipanda juu polepole, na harufu ikawa ya moshi tu.

Bwana Halvor alikuwa analia huku akishika breki.

*

"Wako wapi?" aliuliza Bi Nakijwa treni iliposimama. "Mbona naisikia treni nyepesi?"

Bi Namkunda alishuka akampigia magoti. "Mama, wamekufa. Walikufa siku ileile. Nimewaambia na wao. Wameshuka."

Bi Nakijwa alilishika bunda lake. Alilipapasa shati ndani yake, kola, vifungo. Kisha akainua uso akatoa kilio, na kilio hicho kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu hivi kwamba kilipotoka madirisha ya Idara ya Kuhesabu Miti yalitikisika. Wengine wakapokea. Walivua viatu, wakafunga kanga, wakaanguka mikononi mwa wenzao.

Mkuu wa ulinzi alikuja mbio. "Msiba hauruhusiwi bila kibali! Marehemu ni nani? Jina lake? Kafia wapi?"

Walianza kumtajia majina. Aliandika mawili, akaacha kuandika. Baadaye alionekana akibeba maji.

Balozi Kalumuna alitelemka ngazi, akavua viatu vyake vya kibalozi, akaketi kwenye mkeka upande wa wanaume, ambako alikuwa peke yake. Baada ya muda kidogo hakuwa peke yake. Walikuja madereva wa Wizara, makarani, mhudumu wa chai na birika lake la kahawa. Mkurugenzi wa Upandaji alikuja akasema hana kuni za kupikia msibani isipokuwa mabango. Akaambiwa ayalete.

Ofisini kwake Mheshimiwa Fungameza alikuwa ameketi na taarifa ya Tume mbele yake. Balozi alikuwa ameiandika kwa mkono, fupi kuliko taarifa zake zote: isinunuliwe. Chini yake Bi Namkunda alitakiwa kutoa sababu. Aliandika: "Mtu hachukui jeneza la mwenzake akalifanya bembea." Bwana Halvor naye alikuwa amesema kwamba hata wakitaka hatauza, anakirudisha kichwa chake kwenye kasha leo hii.

Simu iliita. Alikuwa Mtukufu.

"Fungameza! Treni yangu iko wapi? Kesho nina mgeni. Nimeshanunua kofia."

"Mtukufu, Tume inapinga."

"Tume ni ya kushauri. Wewe ndiye unayeamua, na mimi ndiye ninayekuamulia. Saini."

Laini ikakatika. Waziri aliitia simu mfukoni. Kwenye bega lake udongo ulikuwa umekauka, na hakuwa ameupangusa. Dirishani aliwaona watu wakizidi kuja, watu wa mjini wasiohusika, wakiingia getini vichwa wazi. Alichukua kalamu na karatasi akatoka. Kwenye ngazi, akiwa amesimama, aliandika "Isinunuliwe" akaweka saini yake, akampa karani. Karani aliisoma, akamtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekata tamaa ya dawa.

Akavua viatu. Hakujua akae wapi. Upande wa wanaume walisogeleana kwa shaka. Akasimama pembeni ya mkeka wa kina mama, na Bi Nakijwa, ambaye macho yake hayakumwonyesha zaidi ya kivuli, aligeuza kichwa.

"Karibu, mwanangu. Pole na msiba. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Ni swali la kawaida. Huulizwa kila mgeni matangani, ili ajulikane wa kumpa mkono. Mheshimiwa Fungameza alikuwa amejibu maswali ya mabunge na ya mataifa.

"Mimi," alisema, "ndiye niliyetangaza."

Kilio kilipungua. Bi Namkunda, aliyekuwa akimimina kahawa, aliliweka birika chini. Hakuna aliyemgusa. Mkuu wa ulinzi alisogea, kisha akaona hakuna mtu wa kumlinda Waziri dhidi yake. Bi Nakijwa alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa Waziri, paji, mashavu manene, midomo, akaushusha.

"Basi simama," alimwambia, "utangaze."

Walimletea kipaza sauti, akakikataa kwa kichwa. Mfukoni mwake simu ilikuwa inalia, aliiacha ilie. Alisimama bila viatu mbele ya watu wale, akatafuta sauti yake.

"Ajali ilitokea," alianza. "Mrutu, dereva, amefariki. Senzota, mkataji, amefariki."

Akaendelea kuwataja wote, bila karatasi.